Daktari wa Kambini Alikuwa wa Nani?

Ndugu zangu,

Tangu 2005, kilipotoka kitabu cha Caroline Elkins, Britain's Gulag, sisi tunaosoma historia ya Kenya tumekuwa tukigombania hesabu. Elkins alikadiria kwamba Wakikuyu ambao hawajulikani walikokwenda katika miaka ya Hali ya Hatari ni baina ya 130,000 na 300,000. Mwaka 2007 John Blacker, bingwa wa takwimu za watu, akajibu katika jarida la African Affairs: vifo vya ziada ni kama 50,000 tu. Basi, wa huku wakashangilia, wa kule wakanuna, na kwa wengi habari ikaishia hapo.

Hebu rudini kwenye makala ya Blacker. Katika hao 50,000, kama 26,000 ni watoto wa chini ya miaka kumi. Zaidi ya nusu, jamani! Mtoto wa miaka minne hakwenda msituni na bunduki. Alikuwa na mamake katika vile vijiji vya boma ambamo watu zaidi ya milioni moja walisukumwa kuanzia 1954, na humo njaa na maradhi ndiyo yaliyokuwa yakiua. Sasa mbona hatuulizi nani alikuwa akiwatibu?

Hilo ndilo lalamiko langu juu ya rafu nzima ya vitabu hivi. David Anderson ametushughulikia mahakama na kitanzi, na kazi yake haina mfano. Paul Ocobock, katika An Uncertain Age (2017), amewaweka vijana katikati: viboko, shule za kurekebisha tabia, na Wamumu, ile kambi ya Mwea walikopelekwa wavulana waliotolewa Manyani. Kisomeni. Lakini nacho kinahusu zaidi safari ya mvulana kuwa mwanamume. Na Wamumu ilikuwa kambi ya kuonyesha wageni. Mkuu wake, Geoffrey Griffin, ndiye aliyekuja kuanzisha Starehe mwaka 1959. Ukitaka kujua hali ya mtoto kizuizini usianzie pale pa kuonyesha wageni. Anzia Kamiti, kwa wasichana.

Eileen Fletcher, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker, alifika Kenya mwishoni mwa 1954 kama ofisa wa kurekebisha wafungwa, akajiuzulu mwaka uliofuata. Mwaka 1956 akaandika kwamba Kamiti aliwakuta wasichana wa miaka 11 na 12 wenye vifungo vya maisha. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, akabanwa Bungeni London. Na serikali ilibisha nini? Umri! Eti hao walikuwa wakubwa zaidi ya hivyo.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mtoto wa kijijini hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake ulikuwa ule atakaokadiriwa na ofisa au daktari aliyemtazama. Sheria ya viboko nayo, ambayo Kenya iliifuta 2003, ilitaka daktari athibitishe kwanza kuwa mtu anaweza kustahimili kuchapwa. Kwa hiyo tusidhani kosa lilikuwa uhaba wa madaktari tu. Daktari alikuwapo, tena alikuwa na kazi, ila swali aliloulizwa lilikuwa la mlinzi wa gereza: huyu anafungika? Huyu anachapika? Mtoto mwenyewe hakuwa na swali lake mezani. Mtafiti akihesabu zahanati na chupa za dawa, jambo hili halioni kabisa.

Msidhani ni mambo ya wakoloni peke yao. Hapa Ghuba nilipo, watoto wadogo kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania walikuwa wakipandishwa ngamia wa mashindano. Waliishi kwenye izba huko jangwani, wakinyimwa chakula ili wasiongezeke uzito. Mwaka 2002 Emirati zikaweka kiwango: miaka 15 na kilo 45. Mwaka 2005 zikapiga marufuku kabisa walio chini ya miaka 18, zikashirikiana na UNICEF kuwarudisha watoto makwao, na migongoni mwa ngamia wakapanda roboti. Lakini fikirieni ile mizani ya izba. Kliniki ya Kariakoo au Likoni muuguzi humpima mtoto ajue kama anapungua, amsaidie. Kule alipimwa wajue kama ameongezeka.

Daktari anaweza kukataa kutumika hivyo. Canada, mwaka 1907, Dk. Peter Bryce alitoa ripoti juu ya kifua kikuu na vifo katika shule za bweni za watoto wa wenyeji. Hakusikilizwa, akastaafishwa, na 1922 akachapisha yote kwa jina lake. Kamiti aliyepaza sauti hakuwa daktari.

Majalada yaliyofichwa Hanslope Park yalijulikana 2011, na 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ushahidi ulikuwa makovu na mateso. Homa ya matumbo iliyoingia Manyani 1954 haikuacha kovu la kuonyesha mahakamani, wala njaa ya mtoto.

Msichana wa miaka 12 mwaka 1955 sasa amepita themanini. Mwenzetu aliye karibu na Nyeri au Murang'a na aende na Kikuyu chake, si na fomu, amwulize: bibi, ulipougua Kamiti, ulimwambia nani?

Wasalaam,
Dubai