Gundi ya Unga

Mtoto wa kwetu aliyewahi kurusha tiara anaijua gundi hii: unga, maji na moto kidogo, kisha karatasi inashika. Kwa gundi ya namna hiyo, mafundi wa New Orleans, Marekani, wa karne ya 19 walijenga majoka na makasri ya kupita barabarani usiku mmoja tu.

Waliyajengea sikukuu ya Mardi Gras, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Februari 1857 chama cha siri, Mistick Krewe of Comus, kilitoka usiku na magari mawili tu ya maonyesho, kikiigiza mashetani wa utenzi wa Milton, Paradise Lost. Mji ukapagawa, na magari yakazidi miaka iliyofuata. Mwaka 1872 likazaliwa kundi la Rex, nalo likatembea mchana.

Wachoraji kama Charles Briton na Bror Wikstrom, wote wazaliwa wa Sweden, walichora mavazi na magari kwa rangi za maji. Kisha kazi ikahamia karakana iliyofungwa, maana mada ya mwaka ilikuwa siri. Humo mafundi wa aina ya Georges Soulié walifinyanga kichwa cha joka kwa udongo, wakatoa kalibu ya plasta, wakalaza ndani yake vipande vya karatasi vilivyolowa gundi, tabaka juu ya tabaka. Kilipokauka kilibanduka kikubwa kama ng'ombe, chepesi kama kapu.

Mimi hupenda zaidi maua ya karatasi yaliyopamba magari hayo. Hayakubandikwa yakalala, yalichomekwa kwenye nyaya. Gari lilikuwa la magurudumu ya mbao, likivutwa na nyumbu. Kila lilipoingia shimoni, bustani nzima ilitetema kana kwamba imepigwa na upepo. Fundi hakuulalamikia ubovu wa barabara, aliutia kazini.

Lakini karatasi gizani ni karatasi tu. Iliyoitia uhai ni mienge, nayo ilibebwa na watu weusi, baadhi yao watumwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Matajiri wa kizungu walikaa juu ya magari nyuma ya barakoa. Waliowaangazia walikwenda kwa miguu, moto ukiwaka juu ya vichwa vyao. Hata mzigo huo waliugeuza ufundi: waliuzungusha mwenge, wakaucheza, na hadi leo watazamaji wa huko huwatunza wabebaji kwa fedha kama sisi tunavyotunza ngoma.

Majina ya wafalme wa sherehe wa kundi la Rex hutangazwa magazetini. Ya waliokoroga gundi na kushika mienge, mengi yamepotea. Basi siku ukihudhuria shamrashamra yoyote, iwe harusi au maulidi, usiondoke kabla hujauliza nani aliyepamba.