Tegesha na kifuta jasho

Mgeni akifika Nyamongo, wilayani Tarime, atajifunza neno moja kabla hajauona mgodi wa dhahabu: tegesha. Mtu akisikia kwamba mgodi unataka kupanuka kuelekea shambani kwake, anategesha. Anasimamisha nyumba ya haraka, anajaza miche shambani, kisha anamsubiri mthamini aje kuhesabu.

Nyumba ya tegesha haijifichi. Bati ni jipya linang'aa, kuta hazina lipu, hakuna masizi ya jiko, hakuna choo, wala hakuna njia iliyokanyagwa kuelekea mlangoni. Migomba imebanana kiasi kwamba hata mtoto anajua haitazaa. Haikupandwa izae, imepandwa ihesabiwe.

Watu wa kampuni huiita utapeli. Kijijini wengi huiita akili. Mimi sitaki kuamua kesi hiyo leo. Nataka tuifungue mashine yenyewe tuone inavyofanya kazi, kwa sababu tegesha ni barua. Imeandikwa kwa matofali na miche, na inamwambia mwenye mradi kwamba maneno yake hayaaminiki.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines. Mwaka uliofuata ukaingia mikononi mwa Placer Dome ya Kanada. Mwaka 2006 Barrick ikainunua Placer Dome, mwaka 2010 mgodi ukawa chini ya African Barrick Gold, mwaka 2014 kampuni ikajiita Acacia, na mwaka 2019 Barrick ikaichukua Acacia yote. Kwa mwenye hisa aliyeko London, haya ni mabadiliko ya nembo. Kwa mzee wa vijiji vya jirani, Kewanja au Nyangoto, kila jina jipya lilikuja na ofisa mahusiano mpya, mwenye kofia mpya, asiyejua mwenzake aliahidi nini chini ya mti uleule. Ahadi ya mdomo haiingizwi kwenye vitabu vya kampuni inapouzwa. Kijijini inarithiwa, baba akifa anabaki nayo mwanawe.

Sasa mashine yenyewe. Kwanza wanakuja wapimaji na vifaa vyao, wanachomeka vigingi, hawasemi kitu kwa sababu hawakutumwa kusema. Usiku huo uvumi umeshafika hadi mji wa Sirari. Baada ya muda wanafika wathamini. Mwenye mali anapigwa picha mbele ya nyumba yake akiwa ameshika kibao chenye namba, kama mshtakiwa, kisha anasaini fomu. Anaambiwa asiendeleze chochote. Makaratasi yanaondoka kwenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, na hapo ndipo ukimya unapoanza.

Sheria haikusahau hatua hii. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza makali: fidia ikichelewa kupita miezi sita inadai riba, na ikipita miaka miwili uthamini umekufa, uanze upya. Lakini mkulima aliyeshika kibao hana nakala ya sheria. Alichonacho ni paa linalovuja asiloruhusiwa kuziba na shamba asilojua kama apande mahindi au asipande. Muda una gharama, na gharama hiyo anaibeba peke yake. Kwa hiyo safari ijayo, kabla mpimaji hajachomeka kigingi, anajiwekea riba yake mapema. Hiyo ndiyo tegesha.

Wapo pia wajanja wasio na shamba wala kaburi la babu Nyamongo, wanaokodi kipande cha ardhi ili wategeshe. Hao ni walanguzi tu, kama walanguzi wa mahindi. Ila mlanguzi hustawi palipo na taarifa nusu. Mpaka wa mradi ungetangazwa siku ya kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa ramani na tarehe, asingekuwa na cha kulangua.

Mgodi nao ulikuwa na barua zake. Ukuta ni barua. Makubaliano na Jeshi la Polisi kuhusu ulinzi ni barua, maana yalifanya mtu wa kwanza ambaye mwanakijiji anakutana naye kwenye uhusiano huo awe ameshika bunduki. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi pale mgodini. Kesi iliyofunguliwa Uingereza na baadhi ya wanakijiji kuhusu mauaji na majeruhi iliisha kwa maelewano nje ya mahakama mwaka 2015. Baada ya hapo unaweza kugawa fulana na mipira mwaka mzima. Kila mkutano unaouitisha unafunguliwa na tarehe hiyo, hata kama hakuna anayeitaja.

Kilichobadilika baadaye kilibadilishwa kwanza na karatasi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalilazimisha mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Januari 2020 Serikali na Barrick zikasaini makubaliano yaliyoidhinisha kampuni yao ya ubia, Twiga Minerals, Serikali ikiwa na asilimia 16 ya hisa. Kampuni ikaahidi hadi dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa ziende kwenye maji, shule, afya na barabara za jamii zinazozunguka migodi yake.

Madarasa yamejengwa, na mtu akikwambia hayana maana mpuuze. Ila hapa ndipo mameneja wengi wanapojikwaa. Darasa ni la kijiji, deni ni la mtu. Ukimjengea mtu darasa wakati fomu yake ya fidia imelala kabatini, atakupigia makofi kwenye uzinduzi, kisha arudi nyumbani akategeshe. Mimi mwenyewe niliwahi kuidai kampuni moja malipo ya kazi kwa miezi saba, na katikati ya miezi hiyo ikanitumia kalenda nzuri ya mwaka mpya. Niliitundika ukutani ili nihesabie siku.

Vuka Mto Mara uingie wilaya ya Serengeti, utakutana na neno la pili. Huku mgogoro si wa dhahabu, ni wa tembo. Katika vijiji kama Robanda, Nyichoka na Park Nyigoti, mahindi yakikaribia kukomaa tembo hushuka usiku, na kufikia alfajiri msimu umeisha. Serikali haikuuita mkono wake wa pole fidia. Kwa mazao iliuita kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba lililo ndani ya mita 500 halikupata kitu. Kifo kiliwekewa shilingi milioni moja.

Kama ufundi wa mawasiliano, jina hilo limechaguliwa kwa makini. Fidia inadaiwa mahakamani, kifuta jasho kinapokewa kwa mikono miwili. Neno limeshusha ahadi hadi pale mfuko unapofika, na hilo nalipa alama. Tatizo linabaki lilelile la Nyamongo: tarehe haipo. Kitambaa kikichelewa, jasho hukauka lenyewe, na mkulima anabaki na hasira kavu.

Wenye hoteli na kambi za kitalii hudhani hesabu hiyo haiwahusu, kwa kuwa tembo ni wa Serikali. Mkulima hatenganishi hivyo. Anamwona mgeni akimpiga picha asubuhi tembo yuleyule aliyelala shambani kwake. Robanda, kabla ya kuingia kwenye jumuiya ya wanyamapori ya Ikona pamoja na vijiji vingine vinne, ilikuwa na mikataba yake ya moja kwa moja na kampuni za kambi. Kijiji kilijua nani analipa na mlango gani wa kugonga. Baada ya kuungana mapato yakagawanywa kwa vijiji vitano na kupita mikono mingi zaidi, na Robanda ikalalamika. Kwa haki, nadhani kugawana kulikuwa sahihi. Lakini mlango wa kugonga ulipotea, na hakuna aliyeona umuhimu wa kujenga mwingine.

Kinachofanya kazi huku hakina maneno mengi. Mfuko wa Grumeti, unaofanya kazi ya uhifadhi upande huo, una kikosi cha kushughulikia migogoro ya watu na wanyama. Mkulima anayepiga simu saa nane usiku na kuona taa za gari zikija hahitaji kuelezwa maana ya ujirani mwema. Tembo anaweza asifukuzike, ila mtu amekuja.

Kwa hiyo, wewe mwenye mradi unayepanga kwenda Tarime au Serengeti msimu huu, pita kwanza ofisi ya kijiji. Kuna ubao wa matangazo. Bandika ramani ya mpaka unaoutaka, jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua, namba yake, na tarehe ya malipo. Kama tarehe hiyo huna, usipeleke wapimaji.