Venit: Anakuja ao Amekwisha Kuja?

Wengi wetu tuliopita Latin-Philo tulikariri venio, venis, venit sawa kasuku. Pointi tulipata. Lakini nani alisikiaka kile kitenzi?

Tuchukue Missa Luba, misa ya Kilatini ambayo Padri Guido Haazen alitengeneza na kwaya yake ya Troubadours du Roi Baudouin kule Kamina, ikarekodiwa 1958. Katika Benedictus, kitenzi njo venit. Kikiwa na e fupi, maana yake "anakuja". Kikiwa na e ndefu, "amekuja". Herufi ni zile zile. Matamshi ya kanisa hayatofautishi tena urefu, na mkazo hausaidii: uko paka kwenye ve-.

Banasema: "Ni kitu kidogo, maneno ya jirani yataeleza." Mimi nakataa. Sanctus na Benedictus za ile misa zilitokana na wimbo wa kuagana wa Kiluba. Sauti inasindikiza mtu anayekwenda. Kitenzi kinasema mtu anakuja. Ule mvutano njo uzuri wa kazi. Ukisikia "amekuja", umekufa: mgeni amefika, hakuna tena wa kungojea.

Kwenye wingi, mkazo unatosha: veNImus ni "tunakuja", VEnimus ni "tumekuja". Sasa sisi wa Kiswahili tunawekaka mkazo kwenye silabi ya pili toka mwisho. Basi kila siku "tunakuja", na hatufiki hata mara moja!

Kuna wanaofundisha kwamba urefu wa vokali ni mambo ya Waroma, mbali na sisi. Apana. Kibemba cha kwetu Kilwa, pembeni ya ziwa Moero, kinaufahamu: ukusela ni kuhama, ukuseela ni kuning'inia. Mtoto wa kule anakuja darasani na sikio ambalo Kilatini kinaomba, halafu anapewa jedwali la kukariri na macho tu. Mwisho anaamini Kilatini si chake, anakiacha.

Kwa hiyo ombi langu kwa ninyi mnaofundisha, Lubumbashi na kule mgini: mbele ya kuandika jedwali ubaoni, wekeni ile Benedictus wanafunzi wasikie. Halafu muwaulize: huyu mtu yuko njiani, ao amekwisha fika?