Mbona Nyuzi Nne Tu?

Ukitaka kumtusi mwanamuziki Nairobi bila kutumia tusi, mwambie bendi yake ni ya kopi. Neno lenyewe dogo lakini linauma. Maana yake huna wimbo wako, unakula jasho la wengine, na kila Jumamosi usiku uko kwa kona ya klabu ukipiga zilizopendwa ndio watu wateremshe nyama vizuri. Nimesoma makala si moja yanayosema kopi ndiyo inaua muziki wetu. Mimi hupiga besi kwa bendi ya kopi, kwa hivyo usinitegemee niwe refa hapa. Lakini naona hao waandishi husikiliza bendi kuanzia juu: mwimbaji, halafu solo, halafu basi, wamechoka, wanaitisha bili. Wangeanzia chini wangesikia kitu kingine kabisa.

Shida ni kwamba huko chini hakuna mtu anajua kuna nini. Swali ninaloulizwa kuliko yote, na huulizwa kati ya seti ya kwanza na ya pili na mtu ameshika chupa, ni hili: "Buda, hiyo gitaa yako mbona ina nyuzi nne tu?" Wengine hudhani zingine zimekatika. Mama mmoja kwa harusi alinihurumia akaniambia Mungu atanifungulia njia ninunue ile kamili. Nilisema amina. Sikucheka, kwa sababu swali lake ni la haki. Mtu atajuaje kazi ya kitu ambacho hajawahi kukisikia?

Na hajawahi, kweli. Uzi mzito zaidi wa besi, ule wa E, ukiachwa wazi hutikisika karibu mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, kitu kidogo kuliko kipande cha sabuni ya gesti, haiwezi kusukuma hewa namna hiyo. Kinachotoka pale ni zile sauti za juu zinazoandamana na noti yenyewe, halafu ubongo wako unajikisia ile iliyokosekana. Kwa hivyo mtu wa rika langu, aliyeufahamu muziki wa wazazi wake kupitia simu iliyowekwa juu ya friji mamake akipika chapati, anajua "Sina Makosa" yote kwa moyo isipokuwa nusu yake. Utaniuliza, na matatu je? Sawa, nganya ina subwufa inayosukuma figo. Lakini subwufa ya nganya imepangwa itoe kishindo. Unaisikia besi kama uzito kifuani, husikii inasema nini.

Nimetaja "Sina Makosa" makusudi. Ni wimbo wa Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika mwishoni mwa miaka ya 1970, na sijawahi kupiga shoo hata moja ambayo haukuitishwa. Harusi, matanga ya mtu tajiri, besdei ya miaka hamsini, haijalishi. Watu wanainuka kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Waulize wanainukia nini, watakuambia sauti, au maneno. Mimi nasema wanainukia besi ya Tommy Malanga, na hawajui kwamba ndiyo.

Sikiza hiyo besi na hedifoni nzuri, uazime kama huna. Malanga hapigi mfululizo. Anapiga noti zake kwa mafungu, fupifupi, zimekauka, halafu ananyamaza. Anarudi tena, ananyamaza. Gitaa la rithimu la Omar Shabani ndilo linashona ile nafasi iliyobaki wazi, na ngoma haziharakishi mtu. Wimbo ni wa mtu anayejitetea, na mtu anayejitetea hutaka kuongea bila kupumua. Ile besi ndiyo inamlazimisha kupumua. Ukiitoa, unabaki na mtu analalamika tu. Ukiijaza, ambayo ndiyo dhambi ya bendi nyingi za wikendi, unabaki na wimbo wa kawaida wa kucheza, mzuri, mtamu, unaofanana na mingine yote kwenye orodha.

Mzee aliyenifunza kupiga, mtu aliyepitia bendi kadhaa za River Road enzi zake, alinifanya nikae wiki mbili na huo wimbo peke yake. Noti si nyingi, nilizishika siku ya kwanza. Wiki mbili zilikuwa za kujifunza kutopiga. Alikuwa anakaa hapo na chai yake, kila nikiongeza noti moja ya urembo anagonga kikombe na kijiko. Sijui kama ameshawahi kutumia neno "uhakiki" maishani mwake, lakini hiyo ndiyo semina kali zaidi ya uhakiki niliyowahi kukaa, na nilikuwa na kadi ya chuo kikuu kwa miaka miwili kabla sijaacha. Chuo tulifunzwa kusoma shairi kwa makini: angalia mkato, angalia pale mshairi ameacha pengo. Halafu unaandika kurasa nne na unapata B. Kwa besi ukisoma pengo vibaya, watu wanakaa chini. Gredi unaiona papo hapo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kopi ni uvivu. Kupiga kopi vizuri ni kuusoma wimbo hadi ujue kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo. Halafu kuna jambo la historia ambalo hao wa "tengeneza yako" hulisahau. "Shauri Yako" ya Orchestra Super Mazembe, ile inayopigwa kila baa Kenya hii kama wimbo wa taifa wa pili, ilikuwa kopi. Wimbo ulikuwa wa Nguashi N'Timbo. Mazembe waliuchukua, wakaupiga wanavyojua wao, na leo ukimwambia mtu Kayole kwamba si wao walioutunga atakuangalia kama umemtukania mama. Them Mushrooms, kabla na baada ya kurekodi "Jambo Bwana" mwaka wa 1982, walikuwa bendi ya hoteli za Pwani, na mwaka uliofuata Boney M nao wakaipiga kopi hiyo hiyo "Jambo". Huu muziki tunaouita asili umepita mikononi mwa watu wengi, na wengi wao walikuwa wanapigia wageni wanaokula.

Hata hivyo sitazitetea bendi zetu zote. Kuna kopi na kuna kusingizia wimbo. Ugonjwa mkubwa unaonekana kwa benga. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu akagonga nayo ukingo wa ala hiyo hiyo anayoicharaza. Mtu mmoja, kazi mbili, zinajibizana. Watu hupenda kusema gitaa la solo la benga lilitoka kwa nyatiti, na ni sawa, lakini mimi nikiisikiliza Shirati Jazz ya D.O. Misiani naisikia ile kugonga pia, na naisikia kwenye besi. Besi ya benga haikai nyumba ya chini ikingoja kodi. Inapanda, inamkimbiza solo, inamkatiza, inarudi. Sasa nenda klabu yoyote ya kando ya barabara kuu Ijumaa usisikie hivyo. Utasikia mpiga besi ameshika noti moja ya msingi, dum, dum, dum, kama mtu anapigilia misumari, na solo anakimbia peke yake uwanjani bila wa kumfukuza. Solo anaonekana hodari. Lakini baada ya dakika nne hata yeye hana pa kwenda. Nimewasikia wapigaji wazuri sana, wa kanisani, vidole vyepesi kuniliko, wakifanya hivyo. Si kwamba hawawezi. Hakuna aliyewaambia kuna kitu cha kusikia pale, kwa sababu waliusikia wimbo kwa simu.

Na hapa ndipo naona hatari. Solo ya wimbo wa zamani itaishi, watu huimba solo kwa mdomo. Maneno yataishi. Besi haiimbwi na mtu. Besi nyingi za benga na rumba ya hapa hazijawahi kuandikwa mahali. Ziko kwa sahani za zamani na kwa mikono ya wazee ambao kila mwaka tunachangia matanga yao. Na hata majina yao hayakai. Huko Marekani James Jamerson alipiga besi kwa nyimbo za Motown zisizohesabika, kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na kampuni haikuweka jina lake kwenye jalada la albamu hadi 1971. Hizo nyimbo zake tunazipiga harusini Karen, na wageni wanajua jina la kila mwimbaji. Yeye hawamjui. Uliza basi watu mia wanaocheza "Sina Makosa" nani ni Tommy Malanga. Uliza mia mbili ukitaka.

Sasa, maisha yenyewe ya hii kazi. Besi ni ndefu kuliko gitaa la kawaida, haiingii miguuni kwa matatu, kwa hivyo makanga ataitisha nauli ya pili. Nimebishana na makanga hadi nikajifunza kuilipia kimyakimya, naikalisha dirishani kama bibi ya mtu. Mazoezi ni kwa sebule ya mpiga dramu hadi jirani agonge ukuta. Shoo ikilipa vizuri napata ngiri tatu, ikilipa vibaya napata chakula. Nyuzi mpya ni bei ya shoo nzima na zaidi, kwa hivyo tunachemsha zile za zamani kwa sufuria zitoke mafuta ya vidole; zinaamka kwa wiki moja hivi. Usichemshie kwa sufuria ya ugali, ni hayo tu nitasema.

Mwaka jana klabu moja kando ya Thika Road, ambapo tulikuwa tunapiga kila Alhamisi, ilituita tukae chini tuongee. Meneja alikuwa mpole sana. Alisema biashara iko chini, angependa bendi ya watu watatu badala ya wanne, na kwa vile kibodi ina mkono wa kushoto, basi mkono wa kushoto upige besi. Alisema hivyo akiniangalia mimi, kwa heshima, kama daktari. Wenzangu walikataa wiki mbili, halafu kodi ikafika, na sikuwalaumu. Nilienda nikakaa kwa meza ya nyuma nikasikiliza.

Mpiga kibodi wetu ni fundi, na sijaandika haya kumuonea. Lakini mkono wa kushoto wa kibodi una tabia yake. Noti ya kibodi hukaa mradi kidole kiko juu yake, na mtu anayefikiria mambo mawili mara moja hasahau kubonyeza, husahau kuachilia. Kwa hivyo mapengo yote yalizibwa. "Sina Makosa" ilitoka laini kama lami mpya. Watu walicheza. Ninyi mnaotaka nikuambie walikaa chini, pole, walicheza. Lakini walicheza wimbo huo na uliofuata na uliofuata kwa hatua moja, mabega yaleyale, na mtu akirudi kutoka msalani angekosa kujua wimbo umebadilika. Hicho ndicho ninachopinga. Meneja hakupoteza mteja hata mmoja, na ndiyo sababu hoja yangu ni ngumu kumuuzia.

Kuna atakayenitajia mugithi, kwamba mtu mmoja na gitaa lake amejaza klabu za Nairobi na Kiambu miaka na mikaka bila kuajiri mpiga besi. Nakubali, na ni sanaa. Mpiga mugithi mzuri anatembeza kidole gumba kwenye nyuzi nzito na vidole vingine juu, na hicho kidole gumba kinajua anachofanya. Amepanga wimbo upya kutokana na upungufu wake. Tofauti yake na ile bendi ya watu watatu ni kwamba mugithi haujifanyi ni Les Wanyika.

Mwezi uliopita nilienda Rongai kusikiliza bendi ya vijana wadogo kuniliko, wako chuo bado, wamekodisha spika ambayo moja ilikuwa inalia kama nzi. Anayepiga besi ni msichana, na gitaa limemfunika karibu lote. Waliharibu nyimbo tatu za reggae mfululizo. Halafu wakaanza ile ile inayoitishwa kila mahali, na nikaweka soda chini. Alipiga fungu la kwanza kavu, fupi, akaondoa mkono kabisa kwenye nyuzi, akangoja. Mpiga dramu wake aliogopa hicho kimya akakimwagia rolo. Msichana hakumwangalia. Raundi ya pili akangoja tena vilevile, na mpiga dramu akainua vijiti, akasita, akavishusha.