Heko kwa Wanaosoma Umri wa Mawe

Ukifika ukingoni mwa mto Athi upande wa Makueni, tazama ng'ambo, Kitui. Utaona uwanda mrefu ulioinuka, umesawazika juu kama uliopigwa randa. Hiyo ni Yatta, karibu kilomita 300 kutoka ncha hadi ncha, na zamani ilikuwa bonde! Lava ilitiririka kufuata mto wa kale, ikapoa ikawa jiwe gumu. Mvua zikamega ardhi ya kandokando, kilichokuwa chini kikabaki juu.

Lini? Hapo ndipo ninapowapa heko wanajiolojia. Ndani ya jiwe hilo mna potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika: nusu ya sehemu hiyo huisha kwa miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa moto, agoni hutoroka, ikiganda, hunaswa. Wakapima, wakapata takriban miaka milioni 13. Mwaka 2010 mwanajiolojia Henry Wichura na wenzake waliutumia mtiririko huohuo kuonyesha kwamba nyanda za juu za Kenya wakati huo zilikuwa zimekwisha kuinuka.

Miamba iliyo chini ya Yatta ni mikongwe zaidi. Huko wanajiolojia hutafuta zikoni, punje ndogo kama mchanga ambayo ikiumbika hupokea urani na kuikataa risasi. Risasi itakayokutwa humo imezaliwa humohumo kutokana na urani. Vilima vya Chyulu navyo ni vichanga, lava yao nyingine bado nyeusi, karibu haina mimea.

Na kazi yote hiyo huanza kwa nyundo, mfuko wa sampuli na kutembea juani.