Kidole cha Mwisho cha Karani

Karani hodari wa zamani hakupimwa kwa barua. Barua ilipigwa kwa utepe wenye wino, na wino huficha mengi: ugonge kwa nguvu, ugonge kwa ulegevu, herufi itasomeka tu. Kipimo chake kilikuwa stensili, ile karatasi nyepesi iliyopakwa nta. Kabla ya kuipiga taipu ulizima utepe kwanza, ili herufi za chuma ziikate nta zenyewe. Palipokatwa, wino ulipita. Pasipokatwa, darasa zima lilipata swali lenye neno nusu.

Mama yangu mdogo alikuwa karani mpiga chapa katika shule moja ya sekondari, na wakati wa likizo nilishinda ofisini kwake, eti namsaidia kupanga karatasi. Nilichopenda mimi ni vyombo: mhuri wa tarehe unaozungushwa kwa kidole gumba, mashine ya kutoboa na vidoto vyake vya karatasi, stepla. Ila vyombo hivyo havikutaka ufundi. Stensili ilitaka, na ufundi wenyewe niliusikia kabla sijauona, kwa kuwa mlio wa taipu yake ulikuwa unapanda na kushuka kila baada ya herufi chache.

Sababu ni kwamba herufi hazilingani. M na w zina mistari mingi, zinataka pigo zito. Nukta ikipigwa hivyo hutoboa tundu. Msumbufu mkubwa ni o: ukilikata duara lote, kipande cha katikati hudondoka, na kwenye nakala unapata doa jeusi. Kwa hiyo vidole vilipaswa kujua uzito wa kila herufi, tena kwa mwendo wa kasi, macho yakiwa kwenye mswada wa mwalimu mwenye mwandiko wa kuku.

Kiswahili nacho kilimwongezea kazi. Kwenye taipu hizo, zilizotokana na ile ya Christopher Sholes wa Milwaukee iliyoanza kuuzwa na Remington mwaka 1874, herufi a inakaa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho wengi wetu hatukitumii hata kushikia kikombe. Na Kiswahili bila a hakiendi. Andika tu “wanafunzi watakaa darasani” uone: kidole hicho kimeitwa mara tisa, ilhali q iliyo juu yake inastarehe. Mtihani wa Kiingereza haukukichosha hivyo. Ndiyo maana nasema, na sitabadili kauli, kwamba wapiga chapa wetu walikuwa na kidole ambacho waliobuni mashine hawakukifikiria.

Akikosea, alitoa kichupa cha dawa yenye harufu kali, akapaka kwa kiburashi, akapuliza, akasubiri ikauke, ndipo akagonga tena. Kufuta kulikuwa na gharama ya muda, basi watu walifikiri kabla ya kugonga.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mashine ya kurudufu, nyingi zikiwa za kampuni aliyoianzisha London mwaka 1881 David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria. Hiyo hata mtoto aliielewa kwa kuitazama: stensili inavishwa kwenye pipa lenye wino, mkono unazungushwa, karatasi zinaingia tupu na kutoka na maswali. Sitaki kuisifu kupita kiasi. Wino wake ulishika vidole, mikono ya shati na kitasa cha mlango.

Stensili iliyokwisha kutumika haikutupwa hovyo, maana ukiiinua kwenye mwanga mtihani wote unasomeka. Ilichomwa, mwalimu mkuu akiwa amesimama pale pale. Hata hivyo, kila muhula walikuwapo wanafunzi waliochimbua jalala la shule kwa bidii ambayo walimu wao hawakuwahi kuiona darasani.