Siku ya tatu na Bianca

Imefika! Ina siku tatu tu juu ya meza ya jikoni kwangu hapa Konde, Pemba, na tangu ifike sijalala sawasawa, kwa kahawa na kwa furaha pia. Lelit Bianca, mashine ya espreso, kilo 26 na nusu za chuma cha pua na mti wa jozi, imetoka Castegnato karibu na Brescia, kaskazini mwa Italia. Imepitia kwa binamu yangu Dubai, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam, ikavuka hadi bandari ya Mkoani, kisha ikapanda urefu wote wa kisiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, mimi nimeikumbatia. Kila gari lilipopiga shimo, moyo wangu ulikwenda nalo. Huko Ulaya bei yake inapita yuro 2,000 kabla hujalipa usafiri wala ushuru, na kwangu hizo ni karafuu za misimu mitatu: kupanda mikarafuu, kuchambua, kuanika, kuanua mvua ikitishia. Sijutii hata konyo moja.

Nianze na kipini, maana kipini ndicho kilichoniteka. Juu ya kichwa cha mashine, pale maji yanapoiteremkia kahawa, pana kipini cha mti kinachokwenda kushoto na kulia kama kana ya usukani wa mashua. Ukikipeleka kushoto, maji yanajifunga. Ukikivuta taratibu kulia, yanaanza kupita, kidogo, kisha zaidi kidogo, kisha kwa nguvu zote. Basi. Hicho tu. Na hicho tu ndicho nilichokililia miaka minne!

Espreso ni maji ya moto wa nyuzi 93 hivi, yanayosukumwa kwa mgandamizo wa baa 9, yaani mara tisa ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka, yapite kwenye kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa. Mashine yangu ya zamani, ndogo, ya boila moja, ilijua jambo moja: nikibonyeza kitufe, inasukuma kwa nguvu zake zote tangu tone la kwanza. Leo kahawa tamu, kesho chungu kama shubiri, keshokutwa kali kama ukwaju, na mimi nimesimama mikono mitupu sina la kufanya. Nikitaka mvuke wa maziwa, lazima kwanza nisubiri boila ipande moto, na huku kahawa inapoa kikombeni.

Bianca ina boila mbili. Moja ya kahawa, kama robo tatu ya lita na ushei, moto wake unauweka mwenyewe kwa nyuzi. Nyingine ya mvuke, lita moja na nusu. Pampu yake ni ya kuzunguka, si ile ya kutetemeka, na kimya chake kimenishangaza mno. Asubuhi ya kwanza nilidhani haikuwaka. Nyumba nzima ilikuwa imelala na kahawa ikateremka bila kumwamsha hata mtoto.

Nataka muione kwa karibu. Gramu 18 za arabika ya Moshi, nimesaga, nimesawazisha, nimeshindilia. Nafungua kipini kidogo sana. Geji inainuka mpaka baa 2, nami naishikilia hapo sekunde nane, kahawa inalowana polepole kama udongo unavyokunywa manyunyu ya kwanza ya vuli. Mashine imekuja na mkono wa chujio usio na mdomo, kwa hiyo nikiinama naliona chujio lenyewe kwa chini. Matone meusi yanachomoza moja moja kama jasho. Hapo navuta kipini kulia: baa 5, baa 7, baa 9! Matone yanakimbiliana katikati, yanaungana, unashuka uzi mmoja mnene kama asali inayomiminwa kutoka sega. Rangi yake ni ile ya karafuu ya siku ya pili juani, wekundu haujaisha na weusi haujakamilika. Uzi unapoanza kufifia narudisha kipini nyuma hadi baa 6, kahawa isije ikatoa uchungu wake wa mwisho. Gramu 36 kikombeni, sekunde 31, nafunga.

Na ladha! Kwanza ndimu tamu, kisha zabibu kavu, kisha utamu wa sukari guru unaokaa ulimini mpaka umalize kuosha vyombo. Kahawa ileile, paketi ileile niliyokuwa nikiinywa kwenye mashine ya zamani nikiamini kwamba ni kahawa ya kawaida. Haikuwa ya kawaida hata siku moja. Haikupata tu mtu wa kuitoa. Jana nikajaribu robusta ya Kagera, buni ambayo Wahaya waliichemsha kwa majani yenye harufu, wakaikausha na kuitafuna, zamani sana. Hiyo nikaishusha moto hadi nyuzi 90 na kuikata mapema. Povu likaja zito, na chini yake harufu ya karanga zilizotoka kikaangoni.

Kichwa cha mashine kinaitwa E61. Kampuni ya Faema ya Milan ilikitoa mwaka 1961 na kukipa jina la kupatwa kwa jua kulikotokea mwaka huohuo. Kabla yake, kwenye mashine za Achille Gaggia za mwishoni mwa miaka ya 1940, mtengenezaji alivuta mkono wenye springi. E61 ikaleta pampu ya umeme na mikono ikapumzika. Ndiyo maana kipini hiki kinanisisimua kiasi hiki: pampu imebaki, na mkono umerudishiwa kazi yake. Kichwa chenyewe ni shaba nzito iliyopakwa kromu, hakipati moto upesi, kinataka nusu saa. Wapo wanaolalamikia jambo hilo. Mimi naiwasha nikitoka kwenda kuswali alfajiri, nikirudi msikitini inanisubiri.

Mambo mawili ya hapa kwetu lazima niyaseme. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010. Zamani za jenereta za dizeli za Wesha nisingethubutu kununua kitu hiki. Hata hivyo nimekiwekea stabilaiza, na mwenye kukinunua asiache kufanya hivyo. La pili ni maji. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, birika zetu zote zina ukoko mweupe wa chokaa ndani, na chokaa ikiingia kwenye boila ndiyo kufa kwake. Maji matupu ya mvua nayo hayafai, kwa sababu kipimo cha ndani ya boila ya mvuke hutambua kina kwa umeme kupita kwenye maji, na maji yasiyo na madini yoyote hayapitishi. Kwa hiyo nachanganya: ya mvua mengi, ya kisima kidogo, yote nimeyachuja. Na kama huna mashine nzuri ya kusagia, nunua hiyo kwanza, hii ingoje.

Maziwa nayapitia haraka, ingawa mke wangu hatanisamehe. Mvuke unakuja mara moja, haukatiki, na maziwa ya ng'ombe wa jirani yanageuka hariri kabla hujamaliza kufungua halua ya Wete.

Jana baada ya Isha nilimwita mzee anayetuuzia kahawa barazani. Ameshika dele tangu sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo meli yenyewe?"

Nikamtolea kikombe kimoja. Akanusa, akanywa funda, akanyamaza kwa muda mrefu, nami nimebana pumzi.

"Kali," akasema. "Lakini nyuma yake mna utamu. Hukuitia iliki?"

"Sikuitia, mzee. Nilitaka uionje yenyewe."

Akakitazama kipini. Nikasaga nyingine, nikashindilia, nikamwachia. Nilimwonesha geji na namba zake na mizani, hakuvitazama. Alifungua kidogo, akainamisha pua karibu na kikombe, akasubiri kuliko ninavyosubiri mimi, kisha akavuta taratibu, jicho lake liko kwenye uzi tu. Uzi ulipoanza kupauka kidogo, mapema kuliko nilivyozoea, akafunga. Mizani ikasema gramu 30.

Tulikinywa kikombe kile kwa zamu. Wallahi ndicho kilichokuwa kitamu kuliko vyote vya siku hizi tatu, kizito, hakina hata chembe ya ukakasi. Nimeziandika namba zake daftarini: kulowesha sekunde 12, kufunga kwenye gramu 30. Kesho alfajiri naanzia hapo, na mzee amesema atakuja na iliki zake.